Fundi Kagure, betri ya makaa na neno alilolinyamazia miaka sita

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, na baridi ya Agosti bado imelishika soko la Othaya. Kagure Nderitu hajafungua kibanda chake cha kutengeneza redio. Amechuchumaa mlangoni juu ya gunia, anagonganisha vipande vya makaa viwili viwili karibu na sikio.

Kipande chenye sauti nzito ya kuni anakitupa pembeni. Kinacholia kama chuma anakitia kwenye mfuko.

"Hii ndio imeiva," anasema bila kuinua uso. "Makaa yenye haijaiva haipitishi stima. Unaweza kuitia chumvi mpaka Krismasi na taa isiwake."

Mfukoni tayari kuna pakiti ya chumvi ya jikoni, shuka kuukuu lililokatwa vipande, karatasi ya alumini ile ya kufungia nyama, nyaya za shaba alizochomoa kwenye redio iliyokufa, na vikombe vinne vya plastiki vilivyokuwa vya maziwa lala, yaani mtindi. Kuna pia taa nyekundu ndogo, saizi ya punje ya mahindi. Kwa vitu hivyo, Kagure hutengeneza betri mbele ya macho ya watu, na amefanya hivyo katika vyama vya akina mama na makanisa kuanzia Othaya hadi Karatina.

Leo haendi kwa chama wala kanisani. Anaenda ng'ambo ya mto, nyumbani kwa Kabura, nyanya wa miaka sabini na minane ambaye kila mtu hapa humwita Cucu. Ameitwa amfundishe mjukuu wake, Anita, kutengeneza betri kwa ajili ya mradi wa shule. Anita ana miaka kumi na minne. Alipoteza jicho la kushoto kwa sababu ya betri.

Kagure hajakanyaga boma hilo kwa miaka sita. Lipo neno ambalo angepaswa kulisema pale tangu siku ya kwanza, na hajalisema. Hakuna anayemdai alitamke. Anaweza kufundisha, akanywa chai, akarudi zake sokoni na sifa zake zote.

"Nimejiambia leo nitasema," anasema akifunga mfuko. "Lakini hata mwaka jana nilijiambia."

Kagure ana miaka arobaini na tisa. Ufundi aliupata kwa baba yake, aliyekuwa na meza moja chini ya mwavuli hapo hapo sokoni. Akiwa darasa la sita alikuwa tayari anashika chuma cha moto cha kuunganishia nyaya. Watu walicheka, ati msichana na redio wapi na wapi! Akawaacha wacheke. Mzee alipofariki, wateja wakabaki naye.

Siku hizi kazi imepungua. Vijana wana simu zao, na waliobaki kwake ni wazee. Siku ikiwa nzuri hurudi nyumbani na shilingi mia nne. Mvua ikishinda inanyesha, hurudi alivyokuja.

Usidhani wazee hawa wamepitwa na wakati. Stima imefika mabomani, lakini tokeni za kuilipia huisha katikati ya taarifa, na redio ndogo ya betri ndiyo inayobebwa hadi jikoni na hadi kwenye shamba la majani chai. Zaidi ya yote kuna matangazo ya vifo. Jioni yanaposomwa, nani amefariki, ni mtoto wa nani, atazikwa lini, hata maziwa yakifurika motoni hakuna anayeinuka. Kukosa mazishi ya ndugu yako, huku, ni kosa ambalo hata wajukuu wako wataambiwa.

Ndiyo maana betri hazitupwi ovyo. Watu huziita mawe, na mawe ya redio yakichoka yana matibabu yake. Huanikwa juani juu ya bati. Huumwa kwa meno mpaka yabonyee. Jua likikosekana, huwekwa kando ya moto yapate joto. Na kweli, yakipata joto redio huongea tena kwa saa moja hivi.

"Kila mtu alikuwa anafanya," Kagure anasema tukishuka kuelekea mtoni. "Baba yangu alifanya. Mimi nilifanya. Mteja akikosa pesa ya mawe mapya, nilikuwa namwambia hivyo bure, kama zawadi."

Ilikuwa siku ya soko, Julai 2019. Kibanda kimejaa watu. Cucu Kabura akafika na redio yake ndani ya kiondo. Dada yake alikuwa mgonjwa mahututi upande wa Mukurweini, simu ya huko haipokelewi, naye aliogopa tangazo lingesomwa jioni hiyo bila yeye kusikia. Redio haikuwa na shida yoyote. Mawe ndiyo yaliyokuwa yamekwisha, na Kagure alikuwa ameishiwa na mapya ya kuuza.

Anapofika hapo, Kagure anasimama katikati ya njia.

"Nilimwambia, 'Cucu, weka tu karibu na moto. Karibu kabisa. Yatakufikisha kesho.' Hata sikumwangalia. Nilikuwa nimeinamia redio ya mtu mwingine."

Kabura alifanya alivyoambiwa na fundi. Aliyaweka mawe mawili juu ya figa, karibu kabisa. Moja likabingirika likazama kwenye makaa, na hakuna aliyeliona. Anita, wakati huo ana miaka minane, akaja kupuliza moto ili chai ichemke. Jiwe likapasuka usoni mwake.

Madaktari mjini Nyeri walijitahidi wakaliokoa jicho la kulia. La kushoto halikuwezekana.

Kagure alikwenda hospitalini siku ya tatu, na lita mbili za maziwa na ndizi. Akakuta wanawake wa kijiji wamekaa kwenye benchi wakinong'ona. Ati huyu nyanya naye, mtu mzima anawekaje mawe motoni na mtoto yuko hapo? Ati uzee umemwingia kichwani.

"Na mimi nikatikisa kichwa nao," Kagure anasema. Machozi yanamtoka na hayafuti. "Sikusema kitu. Nilitikisa tu kichwa, nikasema Mungu atusaidie. Hiyo ndio inaniua. Ile nilisema sokoni ilikuwa ujinga, kila mtu alikuwa mjinga. Lakini hospitali nilijua, na nikanyamaza."

Baba yake Anita, Mwai, ni mtoto wa pekee wa Kabura. Alimwambia mama yake maneno machache tu: "Umemchoma mtoto wangu." Mwezi ule ule akawahamisha mkewe Wakiuru na binti yao hadi Mweiga, ambako anafanya kazi ya kupokea maziwa ya wakulima. Tangu hapo hajaingia bomani kwa mama yake. Pesa za matumizi hutuma kwa simu. Krismasi hupita, Pasaka hupita, nyanya anakula peke yake.

Na Kabura hakumtaja Kagure kwa mtu yeyote.

Kagure alingoja atajwe. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Kila mwezi uliopita ulifanya neno lile lizidi kuwa gumu. Aliogopa Mwai, aliogopa kanisa, aliogopa kibanda kususiwa. Akaacha kuuza mawe kabisa, na wateja waliuliza kwa nini.

Mwaka wa tatu, mwalimu mmoja wa fizikia, Jackton, mwenyeji wa Siaya anayefundisha karibu na mji wa Nyeri, alileta redio itengenezwe. Akamkuta Kagure akimfokea mzee mmoja aliyetaka kujua kama mawe yake yanaweza kupashwa moto. Mwalimu akangoja mzee aondoke.

"Madam, ukiwafokea hawatajua," akamwambia. "Wewe waonyeshe ndani ya jiwe kuna nini."

Akamfundisha kwa vitu vya jikoni. Alumini chini, kitambaa chenye maji ya chumvi katikati, makaa yaliyopondwa juu. Chumvi inaila alumini polepole, na katika kule kuliwa ndimo nguvu inamotoka. Kikombe kimoja ni kidogo mno. Ukiunganisha vinne, taa ndogo inawaka.

"Siku hiyo ndio nilielewa," anasema. "Jiwe halilali, ati uliamshe na moto. Chuma ya ndani imeliwa. Imeisha. Sasa wewe unachemsha kitu imekufa, na imefungwa, haina pa kupumulia."

Tangu wakati huo amesimama mbele ya watu zaidi ya mara arobaini. Halipwi, labda apewe chai na nauli. Akina mama huona taa ikiwaka kwa makaa na chumvi, hucheka kwa mshangao, kisha humsikiliza anapowaambia wasipashe mawe moto tena. Baadaye humwombea baraka.

"Wananiombea," anasema, "na mimi nimeinamisha kichwa kama mtu mzuri. Sijawahi kuwaambia nilijua haya kwa njia gani."

Tunafika. Kabura yuko mlangoni mwa jikoni, amejifunga leso kichwani, fimbo mkononi.

"Umefika, Kagure."

"Nimefika, cucu."

Wanashikana mikono kwa muda mrefu. Kisha nyanya anamvuta kando kidogo, karibu na rundo la kuni, na kusema kwa sauti ya chini: "Nimekuita kwa sababu ya masomo ya mtoto. Hiyo ingine wacha ilale."

Kagure anaitikia kwa kichwa.

Anita amekuja kwa nyanya wiki moja, likizo ya kwanza tangu ajali. Mama yake, Wakiuru, ndiye aliyesisitiza. Baba alimleta kwa pikipiki hadi langoni na kugeuza. Anita ni msichana mrefu, mkimya, anayegeuza kichwa kidogo kushoto ili jicho zima likuone vizuri. Yuko gredi ya tisa. Shule inafunguliwa Jumatatu, na mradi ni betri ya vitu vya nyumbani.

"Nilimwambia ticha nitachora tu," anasema. "Akasema lazima iwake."

Hajamweleza mwalimu sababu. Amesimama hatua tatu kutoka kwenye meza, mikono mifukoni mwa sweta.

Kagure anapanga vitu vyake juu ya meza ya jikoni. Anaponda makaa kwa jiwe la kusagia, anakoroga chumvi katika maji mpaka inakataa kuyeyuka zaidi. Anaeleza kila kitu kwa upole, na sauti yake haina tofauti na ile ya kanisani.

"Italipuka?" Anita anauliza.

"Hii haiwezi. Haina moto, na haijafungwa. Kuja ushike, ni baridi."

Msichana hasogei. Na hapo mikono ya Kagure inasimama. Anaweka chini kitambaa, anajifuta vidole kwenye sketi, anafuta tena.

"Anita, kabla ushike, kuna kitu lazima ujue. Halafu utaamua kama unataka mimi ndio nikufundishe."

"Kagure, wacha," Kabura anasema.

"Siwezi kuacha, cucu. Nimeacha miaka sita." Anamgeukia msichana. "Yale mawe, ni mimi nilimwambia cucu aweke kwa moto. Nilimwambia aweke karibu kabisa. Alikuja kwangu kwa sababu mimi ni fundi, na akanisikiliza. Kosa ni yangu."

Kuku mmoja anaingia, anatazama, anatoka. Anita anamtazama nyanya yake, kisha Kagure.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Baba yako. Watu. Kazi yangu kuisha."

"Na ukamwachia cucu."

"Eeh," Kagure anasema. "Nikamwachia."

Anita anatoka nje. Anapita kando ya zizi, anaingia kwenye majani chai, na anasimama huko akiwa amewapa mgongo. Kabura ameketi kwenye kigoda, fimbo magotini. Mwandishi wa makala haya anamuuliza kwa nini yeye naye alinyamaza.

"Mkono yenye iliweka mawe ni hii," anasema akiuinua. "Ningesema ni Kagure, ningekuwa natafuta mtu wa kubeba mzigo yangu. Mtoto wangu alikuwa na hasira, na hasira lazima ipate mahali pa kukaa. Nikasema ikae kwangu. Sikujua itakaa sana hivi."

Analia bila sauti, kama wanavyolia watu waliozoea kulia peke yao. Kagure amepiga magoti mbele yake.

Karibu nusu saa inapita. Anita anarudi, viatu vimeshika udongo, na safari hii anakuja mpaka mezani.

"Nionyeshe," anasema. "Lakini nitaweka mwenyewe."

Anaweka mwenyewe. Alumini, kitambaa, makaa, anabonyeza kwa kijiko mpaka maji yanapanda. Kikombe cha pili, cha tatu, cha nne. Anaunganisha nyaya, makaa ya huku na alumini ya kule. Anagusisha taa. Haiwaki.

Kagure ameliona kosa. Inaonekana wazi ameliona, maana ameshika mikono yake nyuma na kuifinya. Anita anainama, anageuza kichwa, anachunguza kikombe kimoja baada ya kingine mpaka cha tatu. Kitambaa kimetoboka, na makaa yamegusa alumini moja kwa moja. Anakitoa, anaweka kingine, anabonyeza tena.

Taa inawaka. Ni nyekundu, hafifu, lakini inawaka, na msichana anaikinga kwa kiganja ili aione vizuri. Hatabasamu. Anatazama saa ya simu ya nyanya yake na kuandika kwenye daftari: saa saba na dakika kumi, imewaka. Ndipo anapoinua uso.

"Baba anakuja kunichukua saa kumi. Yeye utamwambia?"

"Nitamwambia," Kagure anasema.

Tangu wakati huo hadi saa kumi Kagure hali chochote. Githeri ya mahindi na maharagwe imepakuliwa, imepoa mbele yake. Mara mbili anasimama kwenda nje na kurudi. Pikipiki inaposikika inapanda mlima, anainuka na kuanza kutembea kuelekea langoni, peke yake.

Mwai, mwanamume wa miaka arobaini na moja, amesimamisha pikipiki nje ya lango kama kawaida na kupiga honi. Kagure anafungua lango, anasimama katikati yake.

"Baba Anita, nina neno."

Analisema lote. Sokoni, mawe, "karibu kabisa", benchi la hospitalini, kichwa alichotikisa. Hajitetei popote. Mwai anasikiliza akiwa bado juu ya pikipiki, kofia ngumu kichwani, na huwezi kujua anawaza nini.

"Mama alijua?" anauliza hatimaye.

"Alijua."

"Na hakuniambia."

"Alisema mkono ni wake."

Mwai anazima injini. Anavua kofia, anaitundika kwenye usukani, inaanguka, anaiacha hapo chini.

"Miaka sita," anasema. "Miaka sita sijakula kwa mama yangu."

"Najua."

"Hujui! Wewe hujui chochote. Toka hapo mlangoni."

Kagure anasogea. Mwai anampita bila kumwangalia, anaanza kwa kutembea, kisha anakimbia. Jikoni kunasikika kigoda kikianguka, na sauti ya mwanamume mzima akisema "Maitu, maitu," yaani mama, tena na tena.

Kagure hamfuati. Mfuko wake umebaki ndani, na harudi kuuchukua. Anakaa kwenye nyasi kando ya barabara, mikono yake bado myeusi kwa makaa. Anaulizwa kama anatarajia kusamehewa.

"Hiyo ni yao," anasema. "Wakitaka, watanipa. Wasipotaka, wana haki."

Mpango anao. Wiki ijayo ameitwa na akina mama wa kanisa moja la Mweiga, na huko ataanza kwa kisa hiki kabla hajatoa hata kipande cha makaa. Anajua Othaya wapo watakaokipita kibanda chake kama hawakioni. Anasema atafungua kila siku, hata kama ni kukaa tu.

Kisha anashika mkono wa mwandishi, ule wenye kalamu.

"Usiandike ati fundi mmoja wa Othaya. Andika Kagure Nderitu. Andika mpaka kibanda iko wapi. Watu wote wanasema kosa ni ya cucu."